Tuzo ya Sinema na Shahidi Wake

Heshima ni mali isiyofanana na mali nyingine. Mwenye fedha aweza kuzihesabu fedha zake peke yake, usiku, mlango umefungwa, na zikabaki fedha. Lakini hakuna awezaye kujipa heshima mwenyewe chumbani mwake. Heshima sharti itoke kwa wengine, na wengine hao sharti waonekane wakiitoa. Kwa sababu hiyo kila jamii iliyopata kuwatukuza watu wake imeweka siku, mahali na mkutano kwa kazi hiyo. Sherehe zinazofanywa kila mwaka kuwatunukia waigizaji, waongozaji na watungaji wa filamu na televisheni ni tawi changa la mti huo mkongwe.

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili kabla hakijapata neno la sinema. Kutuza ni kumpa zawadi mchezaji wa ngoma au mwimbaji kwa uzuri wa kazi yake, na katika kitendo hicho limetoka jina tuzo. Penye ngoma au taarabu, mtu aliyeguswa huinuka alipokaa, hupita mbele za watu, akamkabidhi mchezaji alichonacho. Kitendo ni kidogo, walakini kimebeba mambo matatu. Kwanza, mtoaji ameiona kazi kwa macho yake. Pili, zawadi hutolewa hadharani, wala haifichwi. Tatu, umati uliokusanyika hushuhudia nani ametoa na nani amepokea, na ushahidi huo ndio unaogeuza fedha kidogo kuwa heshima kubwa.

Hata mashindano yaliamuliwa kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana katika miji ya pwani kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mganda ukaenea katika nchi za Ziwa Nyasa kwa mtindo wa namna hiyo. Aliyeshinda alijulikana kwa wingi wa watu waliomfuata, na aliyeshindwa alijua kabla jua halijatua. Mtazamaji alikuwa hakimu, mlipaji na shahidi kwa pamoja. Sinema ilipokuja, kazi hizo tatu zilitengana. Mlipaji akawa mmoja, hakimu mwingine, na shahidi akabaki nje ya ukumbi.

Mgawanyo huo huonekana vizuri zaidi mbali na kumbi. Lizaboni ni kata mojawapo ya mji wa Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Toka Dar es Salaam hadi Songea, kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe, ni mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Historia ya tuzo za sinema kwa kawaida huandikwa kutoka ukumbini, penye zulia jekundu na taa za wapiga picha. Ikitazamwa kutoka Lizaboni hubadilika sura, kwa kuwa mtu wa Lizaboni yumo katika historia hiyo tangu mwanzo, ila yumo upande wa watazamaji.

Wala watu wa Songea si wageni wa sherehe za heshima. Mji wao una jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni wa Njelu, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na Nkosi Mputa na mashujaa wengine wa Vita vya Majimaji. Kila mwaka, mwezi wa Februari, watu hukusanyika penye makaburi na makumbusho ya mashujaa hao, na kilele cha siku hizo ni tarehe 27, ambayo ndiyo tarehe ya kunyongwa. Hapo ngoma ya lizombe huchezwa, majina hutajwa, na wazee kwa vijana husikia. Hakuna kamati inayopiga kura kuamua nani alikuwa shujaa bora wa mwaka. Shahidi amesimama pale pale penye kaburi. Mtu aliyezoea sherehe ya namna hiyo ana haki ya kuiuliza sherehe ya sinema: na wewe, shahidi wako yuko wapi?

Sherehe ya kwanza yenye sifa katika ulimwengu wa sinema haikuwa na shahidi wa kutajwa. Ilifanywa Hollywood, tarehe 16 Mei 1929, katika hoteli ya Roosevelt. Chuo cha sanaa na sayansi ya filamu kilichoitoa kilikuwa kimeundwa miaka miwili kabla, 1927, na wakuu wa tasnia yenyewe. Waliohudhuria walikuwa watu 270 hivi, utoaji wa tuzo ulichukua yapata robo saa, na majina ya washindi yalikuwa yamekwisha kutangazwa miezi mitatu nyuma. Ilikuwa karamu ya wenye kazi wakipongezana. Mwaka uliofuata redio iliichukua sherehe na kuipeleka kwa wasikilizaji. Na tangu 1941 majina yakafungwa katika bahasha, kwa kuwa mwaka mmoja kabla gazeti moja la Los Angeles lilikuwa limeyatoa mapema. Tarehe 19 Machi 1953 televisheni ikaionyesha kwa mara ya kwanza. Hivyo, hatua kwa hatua, karamu ya watu 270 iligeuka tamasha la mamilioni. Walakini mamilioni hao walipewa kazi ya kushuhudia bahasha ikifunguliwa; hukumu ilibaki mikononi mwa wanachama.

Tuzo ya televisheni ilizaliwa ndogo kuliko hiyo. Sherehe ya kwanza ya Emmy, tarehe 25 Januari 1949, ilishughulika na vipindi vya Los Angeles na kandokando yake tu. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila mtu anayedhani kwamba tuzo ya mji mmoja ni kitu cha kudharauliwa. Iliyo leo tuzo ya taifa zima lenye nguvu ilianza ikiwa tuzo ya majirani.

Ukumbi wenyewe, kadhalika, uliweza kumwonyesha mtu daraja yake hata katika saa ya kumtukuza. Tarehe 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Hollywood. Alipewa akitoka kwenye meza ya pembeni, kwa kuwa hoteli ile haikuwakubali watu weusi kuketi pamoja na wazungu. Tuzo aliipata, bali meza ilisema neno lake. Miaka 74 baadaye, tarehe 2 Machi 2014, Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico, aliipokea tuzo ya daraja ile ile ya mwigizaji msaidizi, na Afrika Mashariki ikashangilia. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, ilikuwa furaha ya kumwona mtu wa kwao akiheshimiwa nyumbani kwa wengine, kwa filamu ya wengine.

Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa imeanza habari ya sinema katika hali ya kuhukumiwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Mkuu wa kazi ya kupiga picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, na filamu 35 zilitengenezwa, nyingi zikifundisha kilimo, afya na uwekaji wa akiba posta. Magari yakazichukua kwenda kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Sauti ilitiwa kwa sahani za santuri katika lugha za Kiafrika, na mara nyingine mkalimani alisimama akaeleza picha kwa kinywa chake. Watu walitazama, na wenye jaribio waliandika namna watu walivyotazama. Aliyekuwa akipimwa hapo ni mtazamaji, si filamu. Mkalimani tu ndiye aliyekaa baina ya pande mbili, akaifanya picha ngeni iseme lugha ya mahali. Na huyu atakutikana tena mbele, maana kazi yake haikufa pamoja na magari yale.

Waafrika walipoanza kutoa tuzo zao wenyewe, walizichagulia majina yenye nasaba. Tamasha la Carthage lilianzishwa Tunisia mwaka 1966, na tuzo yake ikaitwa Tanit, mungu wa kike wa Carthage ya kale. Ya dhahabu ya kwanza ilikwenda kwa Ousmane Sembène wa Senegal kwa filamu ya La Noire de... Huko Ouagadougou tamasha lilianza mwaka 1969, na tuzo yake kuu, iliyotolewa kwanza mwaka 1972 kwa Oumarou Ganda wa Niger, ina jina la farasi wa Yennenga, binti mfalme katika masimulizi ya Wamossi. Majina haya yalikuwa hoja. Yalisema kwamba uzuri una wazee wake katika Afrika, na kwamba hakimu wa filamu ya Kiafrika aweza kuketi Afrika.

Tanganyika na Zanzibar ziliingia katika safari hiyo kwa mwendo usio sawa. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na filamu yake ya Fimbo ya Mnyonge ya mwaka 1974 ilikuwa na shabaha ya kuhimiza siasa ya ujamaa. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, hali Tanzania bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, kwa maana serikali iliihesabu kuwa anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuingoja. Basi kizazi kizima cha watu wa Songea kilikua bila televisheni ya nchi yake. Wakati mataifa mengine yalikuwa yakigawa tuzo za televisheni kwa miaka zaidi ya 40, Lizaboni ilikuwa haina kitu cha kutuza.

Mwaka 1998 lilifanywa tamasha la kwanza la filamu la Zanzibar, ambalo kwa fahari lilijiita tamasha la nchi za majahazi. Tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu, na Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ikawa ukumbi wake chini ya mbingu. Jina la jahazi liliunganisha Zanzibar na Bara Hindi, Uarabuni na Ghuba, kwa njia ile ile ya bahari iliyojenga lugha ya Kiswahili. Lililo kubwa zaidi kwa hoja hii ni kwamba tamasha hilo halikuridhika na Ngome. Lilipeleka pia maonyesho katika vijiji vya Unguja na Pemba, ili mtu asiyeweza kuja mjini aone alau baadhi ya mambo yanayosifiwa mjini. Rwanda ilifanya jambo la jamii hiyo: tamasha lake la filamu, lililoanza mwaka 2005, lilichukua mtambo na kiwambo likapanda navyo vilimani, hata likapewa jina la utani la Hillywood.

Kenya ilianzisha tuzo za Kalasha mwaka 2009 chini ya Kamisheni ya Filamu ya Kenya, kwa filamu na kwa televisheni pia. Kalasha katika Kiswahili cha biashara ya kale ni pembe ya ndovu iliyo ndogo. Neno hilo lilitumika katika kupima na kupatana bei, nalo lafahamika hata na historia ya Ruvuma, maana njia ya misafara baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita katika nchi za kusini hizo ikibeba pembe na, kwa aibu ya wanadamu, watumwa. Pembe ilitoka bara, bei ikatajwa pwani. Msomaji akiiweka habari hiyo kando ya tuzo za leo hatakosa kuona mfanano: kazi hutazamwa bara, thamani yake hutangazwa pwani na katika miji mikuu.

Uganda nayo ilianza tamasha lake la filamu mwaka 2013, chini ya Tume ya Mawasiliano. Mwaka huo huo Lagos ilianza tuzo za bara zima zinazotolewa na kampuni ya MultiChoice, ambazo baadhi ya daraja zake huamuliwa kwa kura za watazamaji. Katika sherehe ya Machi 2016 Watanzania wawili walirudi na ushindi: Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu, kwa filamu ya Mapenzi iliyohesabiwa bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike, ajulikanaye kwa jina la Richie, kwa Kitendawili, katika daraja la filamu za Kiswahili. Daraja hilo la lugha si jambo dogo. Mwaka mzima filamu za Kiswahili zilikuwa zikihukumiwa na watu wasiojua Kiswahili, wakisoma maandishi chini ya picha; na mtu asomaye maandishi huona nusu ya uso wa mwigizaji na husikia robo ya mzaha wake. Kuwekwa kwa daraja la Kiswahili kulikuwa kukiri kwamba lugha nayo ni sehemu ya ufundi.

Katika Tanzania yenyewe, Azam ilianzisha tuzo za Sinema Zetu mwaka 2018, na mwezi Desemba 2021 Bodi ya Filamu ilifanya sherehe ya tuzo za taifa mjini Mbeya. Mwaka uliofuata sherehe hiyo ilikwenda Arusha. Kwa nchi iliyozoea kila jambo kubwa kutendeka Dar es Salaam, hatua ya Mbeya ilikuwa na maana kubwa kuliko zulia lililotandikwa. Ilithibitisha kuwa sherehe yaweza kutembea. Na toka Mbeya hadi Songea hapahitaji kupita Dar es Salaam.

Lakini sherehe ikitembea, ni vema ijue imemkuta nani. Filamu zilifika miji kama Songea kwa mikono ya wachuuzi kabla hazijafika kwa mikono ya waandaaji. Baada ya filamu ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003 kuonyesha kuwa hadithi ya vijana wa Dar es Salaam yaweza kuuzika, soko la Kariakoo lilijaa kaseti na baadaye santuri, zikasafiri kwa mabasi hadi mikoani. Watu wengi hawakuzitazama nyumbani mwao. Walizitazama katika mabanda ya video, ambayo wenyewe waliyapa jina la vibanda umiza, kwa sababu ya joto, mabenchi na msongamano. Wakalipa kiasi kidogo, wakacheka na kusonya pamoja. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa hajatimiza miaka 30, msiba wake ulikuwa wa nchi nzima. Vilio vile havikuandaliwa na kamati. Vilitoka kwa watu waliomjua kwa kiwambo cha kibanda, na kwa kweli vilikuwa tuzo ambayo hakuna sherehe ingeweza kuitoa wala kuizuia.

Katika mabanda hayo alirudi mkalimani wa zamani. Filamu za Hong Kong, India na Marekani zilipewa sauti ya pili, ya mtu aliyesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, akafasiri, akaongeza methali, akamlinganisha jambazi wa ng'ambo na mtu wa mtaani. Aliyevuma kuliko wote katika Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, kwa jina maarufu Lufufu. Watu walichagua filamu kwa sauti ya mfasiri kama walivyoichagua kwa jina la mwigizaji. Sanaa hii ina mwandishi, ina mwigizaji na ina mchekeshaji ndani ya koo moja. Mgawanyo wa daraja uliorithiwa kutoka Hollywood hauna mahali pa kumweka: si mwongozaji, si mwigizaji, si mtungaji. Na zaidi ya hayo, kazi yake imejengwa juu ya kazi za watu ambao hawakuombwa ruhusa, hivyo sheria ya haki miliki haimtazami kwa jicho jema. Hata hivyo, kwa kipimo cha kutuza cha zamani, ni wachache waliowagusa watazamaji wa vibanda kama yeye.

Kuna na habari ya umeme, ambayo wanahistoria wa sanaa huipita kama kwamba picha hujiwasha. Kabla ya mwaka 2018 Songea ilitegemea mitambo ya mafuta. Mwaka huo ndipo njia kuu kutoka Makambako iliufikisha umeme wa gridi ya taifa. Pale ambapo kura ya mtazamaji hupigwa kwa simu, na filamu hutazamwa kwa kisimbuzi kilicholipiwa, umeme na fedha huwa wapiga kura wa kwanza. Nyumba isiyo na kisimbuzi haikukataa kupiga kura, haikuulizwa.

Yupo atakayejibu kwamba ufundi hauamuliwi na umati, na jibu lake lina nguvu. Umati hupenda kilichotangazwa sana. Huweza kumshangilia mtu kwa uso wake na kumsahau aliyeshika taa, aliyekata picha na aliyepanga sauti, ambao bila wao uso ule usingeonekana. Mahakimu waliosomea kazi huviona vilivyofichika. Zaidi ya hayo, historia ina mifano mingi ya kazi ambazo watu wa wakati wake hawakuzipenda, na baadaye zikawa fahari yao. Hoja hii ni ya kweli; ila yathibitisha kwamba mahakimu wanahitajika, haithibitishi kwamba watazamaji hawahitajiki. Mwanafunzi wa fasihi huisoma tungo pamoja na mwalimu, lakini tungo isiyopata kuimbwa na mtu yeyote haina cha kufundishiwa.

Ajabu ni kwamba Hollywood yenyewe, katika sheria zake za filamu za mataifa ya nje, imelikiri jambo hili. Filamu inayopelekwa na nchi kushindania tuzo hiyo hudaiwa iwe imeonyeshwa hadharani kwa siku saba. Sheria hii iligonga mlango wa Kenya mwaka 2018. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu ya nchi hiyo mwezi Aprili, mwezi mmoja kabla ya kuonyeshwa Cannes. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ililegeza amri kwa siku saba ili filamu iweze kushindaniwa, na watu wakajaza kumbi kwa juma hilo. Mwishowe kamati ya Kenya ilichagua filamu nyingine, Supa Modo, iende Hollywood. Msomaji aweza kuwa upande wowote katika mgogoro ule. Lakini hawezi kuukwepa ukweli uliojitokeza, kwamba filamu iliyokwisha kusifiwa Ufaransa ilihitaji juma moja la macho ya watu wa kwao kabla ya kustahili kusimama mbele ya mahakimu wa Marekani. Siku saba ni chache, walakini ni siku za shahidi.

Tanzania imepeleka filamu huko mara chache. Mwaka 2001 ilikuwa Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Na miaka 21 baadaye, 2022, ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambayo mwaka 2021 ilikuwa imeonyeshwa katika tamasha la Toronto. Kati ya filamu hizo mbili kuna mtoto aliyezaliwa, akakua, akamaliza shule. Riwaya ile wanafunzi wengi wa Kiswahili wameisoma. Wangapi kati yao, katika miji ya bara, wameiona filamu kwenye kiwambo kikubwa, ni swali ambalo kila mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake na kupata jibu kwa kuhesabu mikono.

Mfano wa karibu zaidi na Songea ni wa mwaka 2024. Mwezi Februari tamasha la Berlin lilionyesha kwa mara ya kwanza filamu ya Das leere Grab, maana yake Kaburi Tupu, iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Sehemu moja ya filamu hiyo yafuata ukoo wa Songea Mbano, wanaotafuta fuvu la babu yao linalosadikiwa kuwa lilichukuliwa Ujerumani baada ya kunyongwa kwake. Miezi mitatu kabla, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa amesimama Songea, mbele ya ukoo huo, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Tamasha la Berlin lilimalizika tarehe 25 Februari; siku mbili baadaye Songea iliadhimisha kunyongwa kwa mashujaa wake.

Tarehe hizo mbili zikitazamwa pamoja, swali la shahidi halibaki tena kuwa swali la starehe. Filamu yenye habari za Songea ilipokewa kwanza katika mji mkuu wa nchi iliyomnyonga Songea. Kwa upande mmoja ilikuwa haki, kwa kuwa wenye deni ndio waliopaswa kutazama mbele ya wengine. Kwa upande mwingine, nguo nyeusi ilikuwa imevaliwa Songea kwa zaidi ya karne moja. Mtu wa Lizaboni hahitaji kuelezwa na mahakimu wa mbali kama uso wa mjukuu ulikuwa na huzuni ya kweli au ya kuigiza. Huzuni hiyo aijua kwa Februari zote alizopata kuishi. Penye filamu kama hiyo, hukumu yake ni elimu, na sherehe inayotoa tuzo bila kuitafuta elimu hiyo imeacha ushahidi nje ya mahakama.

Haidaiwi kwamba zulia jekundu litandikwe Lizaboni kila mwaka. Yanayodaiwa ni madogo na yawezekana, maana yote yamekwisha kufanywa mahali fulani: vijiji vya Pemba vimeletewa kiwambo, milima ya Rwanda imepandwa na mtambo wa picha, Mbeya imepokea sherehe ya taifa, Lagos imekipa Kiswahili daraja lake, Kenya imeona juma la macho likihesabiwa mahakamani. Filamu zilizoteuliwa zikionyeshwa mikoani kabla ya kura, na mfasiri wa kibanda akaitwa kuwa mmoja wa mahakimu wa sauti na lugha, sherehe haitapungukiwa na heshima. Itapata waliokuwa wakiigharimia siku zote kwa shilingi zao ndogo ndogo, wakae mahali ambapo mtu aliyetoa tuzo alikuwa akikaa zamani, karibu na mchezaji, penye kuonekana.